Kinga ya meno kwa mtoto mwenye waya, ipi inafaa?

MamaKinda: Wakuu habari zenu. Kijana wangu ana miaka 13 anacheza basketi na amefungwa waya za meno. Juzi wanagombania ribaundi kapigwa kiwiko cha mdomo, meno salama ila waya zimemchana mdomo kwa ndani, damu ilitoka mpaka nikaogopa. Nimeona zile kinga za kuchemsha, zinafaa kwa mwenye waya? Na mwenyewe hataki kusikia, anasema hizo ni za mabondia

Winga_Teleza: Pole dada. Mwambie Stephen Curry anavaa, tena basketi hiyo hiyo. Ila asimuige ile ya kuitafuna ikining'inia nje, ikiwa nje haikingi chochote 😂

Kiti_cha_Meno: Dada nipo kliniki ya meno, hiyo ya kuchemsha ya kawaida usimpe. Ile unaiweka maji ya moto inalainika, unaing'ata inashika umbo la meno, sasa kwa mwenye waya inajikandika humo kwenye waya, kuitoa ni vita na inaweza kung'oa kibati kilichogandishwa kwenye jino kushika waya, halafu meno yake si bado yanasogezwa? Umbo la leo baada ya muda halimtoshi tena. Kuna za watu wenye waya kabisa, mfereji wake wa kuingia meno ni mpana, nyingi ni za silikoni, au muulize daktari aliyemfunga amtengenezee ya vipimo akiacha nafasi ya meno kusogea. Akivaa afungue mdomo bila kung'ata, ikidondoka haijamkaa. Na aweze kupumua na kuongea, maana isiyomkaa ataitoa tu ukigeuka. Aioshe kwa maji ya baridi na mswaki, aiweke kwenye kikopo chenye matundu, asiiache juani inapinda.

Kipa_Mstaafu: Naongezea, msije mkadhani ukivaa hiyo basi na kichwa kiko salama. Akigongwa akaona kizunguzungu atoke uwanjani, kinga haizuii ubongo kutikisika. Na jino la ukubwani likidondoka lote lishike kwa juu kule kunakotafunia, mzizi usiuguse wala kuusugua, suuza kidogo kwa maziwa rudisha kwenye tundu lake ang'ate kitambaa, ikishindikana litie kwenye maziwa, wahi kwa daktari ndani ya nusu saa. La utotoni usirudishe. Watu wanalifunga kwenye tishu likauke, hapo ndo mnalipoteza

MamaKinda: Asanteni sana, hilo la maziwa sikulijua. Swali dogo, anavaa juu tu au na chini? Waya anazo kote

Kiti_cha_Meno: Kawaida juu tu, meno ya juu ndo yametangulia mbele. Kwa vile waya ziko kote muulize daktari wake, zipo za kufunika juu na chini ila kuongea nazo shughuli, na kijana ndo huyo keshagoma