Mtoto akifika 18 matunzo yanaisha, au mpaka amalize shule?

baba_wa_watatu
Habari wakuu, naombeni mawazo. Mimi na mama wa binti yangu wa kwanza tulipeana talaka 2015, mahakama ikaniamuru nitoe laki moja kila mwezi na mambo ya shule na matibabu yawe juu yangu. Nimelipa, kuna miezi nilichelewa ila sijawahi kukimbia, meseji za M-Pesa zote ninazo. Sasa binti anatimiza 18 mwezi wa nane na ndo yuko form five, bweni. Huku nina mke na wadogo wawili, na gereji siku hizi unaweza kukaa wiki nzima hujashika hata spana. Jamaa kazini ananiambia akigonga 18 tu acha, sheria imeshakutoa, mwingine anasema mpaka amalize chuo. Alafu mama yake kaolewa mwaka juzi, huyo mume hana wajibu wowote? Sitaki kumtupa mwanangu, nataka nijue nimesimama wapi kabla sijaongea na mama yake maana tukianza bila kujua tunaishia kugombana.

karani_mstaafu
Ndugu yangu, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, kitu cha kwanza tafuta nakala ya hukumu usome amri inasemaje, watu wanabishana mwaka mzima na karatasi iko kabatini. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zote zinaiweka amri ya matunzo ikome mtoto akifika miaka 18, isipokuwa kama ilitajwa muda mfupi zaidi. Lakini hiyo ya 2009 inairuhusu mahakama kuiendeleza kama mtoto bado yuko masomoni au kwenye mafunzo, na wa kuomba ni mzazi au hata mtoto mwenyewe. Kwahiyo jamaa yako wa kwanza kakupa nusu, na huyo wa chuo naye kakupa nusu, maana haiendelei yenyewe, lazima iombwe.

Hilo la kuolewa linachanganya wengi sana. Yanayokufa mwanamke akiolewa ni matunzo yake yeye kama mtalaka wako. Ya mtoto hayaguswi, baba ni wewe. Baba wa kambo aliyempokea mtoto kama wake sheria inamgusa pale tu wazazi wenyewe wanaposhindwa.

Na kama kipato kimeshuka nenda ukaombe kupunguziwa, usijipunguzie mwenyewe. Nimeona wanaume wenye sababu za kweli kabisa, mtu kaachishwa kazi, mtu kaumwa, lakini kashakata hela miezi kumi kimya kimya, akisimama pale hakimu anaanza na deni na ile sababu yake nzuri hata haijasikilizwa. Deni la nyuma halifutwi na birthday ya mtoto.

dereva_wa_usiku
Mi nasema ukweli, 18 ni mtu mzima, anapiga kura huyo. Hela yenyewe unatuma hujui kama inamfikia mtoto au inasuka nywele. Acha ajitegemee.

mama_kimara
@dereva_wa_usiku kaka yangu, mtoto wa bweni anajitegemeaje, atoke prep saa nne usiku akauze maji stendi? Mimi nilikuwa upande wa pili wa hii kitu. Kijana wangu alifika 18 mwezi wa tatu akiwa form six, mtihani wa taifa mwezi wa tano. Asubuhi ile baba yake akamtumia meseji, "Hongera umekuwa mtu mzima, mimi nimemaliza." Mtoto akanionyesha simu, hakulia, akaiweka kifudifudi mezani akaendelea kumenya viazi. Vile viazi alivimenya mpaka vikabaki vidogo kama ndimu, sikumwambia kitu. Nikakopa kikoba cha kina mama nikamaliza mahitaji yake ya shule, nikaenda ustawi wa jamii, wakanielekeza mahakamani, na mahakama kweli iliiendeleza ila ilitoka mtoto ashafanya mtihani. Ningejua ningeomba mapema kabla hajafika hiyo 18. @baba_wa_watatu, kama unataka kuongea na mama yake ongea sasa hivi, usisubiri mwezi wa nane.

mwana_tanga
Kwa sisi Waislamu tulivyofundishwa madrasa matumizi ya mtoto wa kike yako kwa baba mpaka aolewe, miaka 18 haimtoi. Kama ni Muislamu kamuulize na shekhe wako.

karani_mstaafu
Sawa kabisa kwa upande wa dini, ila amri ya mahakama inafuata sheria niliyoitaja. Na dereva, kama hofu ni hela kutofika, muombe hakimu sehemu uwe unalipa shuleni moja kwa moja na ubaki na risiti. Kuacha kabisa sio dawa.

baba_wa_watatu
Nimerudi wakuu. Hukumu nimeipata kwenye begi la vyeti, imeandikwa "mpaka mtoto afikishe miaka kumi na nane au mahakama itakapoamua vinginevyo." Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Jana nikampigia mama yake, tumeongea bila kugombana, nimemwambia hali ya gereji ilivyo. Tumekubaliana elfu sabini kwa mwezi mpaka amalize form six, na nauli ya kwenda na kurudi shule na vitu vya bweni nabeba mimi. Ya chuo tutakaa tena. Jumatatu tunaenda wote mahakamani, binti yuko likizo kaomba na yeye awepo.

karani_mstaafu
Vizuri sana. Yakiandikwa kila mmoja aondoke na nakala yenye muhuri, na ya binti pia.