MREJESHO: Ile baiskeli ya mlimani, ringi 29 mbele na 27.5 nyuma

Wadau nimerudi. Niliuliza kama naweza kutoa ringi ya nyuma ya 29 kwenye fremu yangu nikaweka 27.5 bila kuharibu mkao wa baiskeli, wengi mkasema inawezekana ila niangalie pedali zisije zikagonga mawe.

Nimefunga na mlikuwa sahihi. Ringi ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa na ya 27.5 ni 584, kwa hiyo ukiweka tairi zinazolingana unene ekseli ya nyuma inashuka milimita 19, pedali nazo zinashuka kama 12 hivi, na foku (uma unaoshika ringi ya mbele) inalala karibu digrii moja zaidi. Kushuka mteremko mkali ni raha tupu aisee, tako haligusi tena tairi na kwenye kona za kubana mkia unazunguka fasta.

Sasa kupanda ndo kuna kazi, maana siti nayo imelala nyuma na pedali zinagonga mizizi ukipiga vibaya, nikasogeza siti mbele kwenye reli zake halafu nikabadili krenki (mikono inayoshika pedali) kutoka milimita 175 kwenda 165, hapo afadhali kubwa. Breki za diski hazina shida kabisa, diski iko kwenye habu (kitovu cha gurudumu) haijali saizi ya ringi. Gia nazo zimekuwa nyepesi kidogo, kama asilimia 5, mi naona ni faida.

Aliyesema niweke shokapu ndefu zaidi nyuma: sijaweka.