Tupeane uzoefu: ni lini ulijiona wewe si yule wa zamani?

Mkimya: Nimekuta daftari langu la sekondari. Yule kijana alikuwa na uhakika na kila kitu, halafu hasira tupu! Nani mwingine ameshakutana na nafsi yake ya zamani asiitambue?

Mama Pacha: Mimi. Kabla ya kuzaa nilikuwa sibembelezi mtu.

Ngoswe78: Tabia ni kama ngozi, haibadiliki. Mmezeeka tu, nguvu za kugombana zimeisha.

Mwalimu Mstaafu: Ngoswe, hiyo alishaisema mwanasaikolojia William James mwaka 1890, kwamba ukifika 30 tabia imeganda. Watafiti waliofuatilia watu wale wale miaka na miaka wakakuta sivyo: wengi huendelea kuwa makini na wapole zaidi hata baada ya hapo.

Ngoswe78: Waje wamfuatilie shemeji yangu.

Asiye na Jina: Nilikuwa na miaka 34. Baba amefariki, tunapanga makaratasi yake. Nikakuta cheti changu cha kuzaliwa, na palipoandikwa baba pana jina nisilolijua. Nikampelekea mama. Alikuwa anakunja shuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, kimya. Mwishowe akasema, "Aliyekulea ndiye baba." Niliondoka bila kuaga. Kuanzia hapo kila nikinyoa ndevu nauliza kioo, pua hii ya nani? Na watu wote husema nacheka kama marehemu. Sasa kile kicheko nilikitoa wapi?

Mama Pacha: Jamani! Pole sana ndugu yangu.

Chausiku: Mtafute baba yako mzazi upesi, kabla naye hajaondoka.

Ngoswe78: Asithubutu! Atafukua ya watu. Kwanza mama hajamaliza hata msiba.

Chausiku: Wewe umesema watu hawabadiliki, sasa unaogopa nini?

Mwalimu Mstaafu: Asiye na Jina, hauko peke yako. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyegawa maisha ya mtu katika hatua nane za kukua, alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 na hakuwahi kumjua baba yake mzazi. Alikua akidhani baba wa kambo ndiye aliyemzaa. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajipa jina la Erikson. Swali la "mimi ni nani" aliliweka kwenye ujana, ila yeye mwenyewe aliishi nalo. Kicheko ulikiokota kwa aliyekulea, watoto huiga kabla hawajajua wanaiga.

Mkimya: Uzi wangu umetekwa, lakini endeleeni.

Mama Pacha: Jina unatumia lipi sasa?

Asiye na Jina: La marehemu. Mama tunaongea, ila hilo hataki liguswe.

Chausiku: Mpe muda, halafu muulize mkiwa wawili tu.

Ngoswe78: Au usimuulize kabisa. Mwalimu, hiyo hatua ya nane inaanza lini? Nina 58.

Mwalimu Mstaafu: Kama 65. Ni ya kuyatazama maisha yako yote, uyakubali au ujute.

Ngoswe78: Basi nitaanza na shemeji.