Binti amekariri kanuni zote za hisabati, lakini maswali yanamshinda

Mama wa Darasa la Sita:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kuhusu binti yangu, ambaye amekariri kanuni zote za maeneo na mizingo, lakini kila akija na kazi ya nyumbani anakwama. Jana aliulizwa kimo cha pembetatu yenye eneo la sentimita za mraba 54 na kitako cha sentimita 12, naye akazidisha nusu kwa 12 kwa 54, akapata 324. Kisha akatafuta eneo la duara lenye kipenyo cha sentimita 14, akapata 616. Nikimweleza analia, na nikimfanyia, kesho yake amesahau.

Mwalimu Mstaafu:
Pole, dada. Kuzidisha anajua, maana majibu yote mawili yamezidishwa sawasawa. Shida ni kwamba anaiona kanuni kama amri ya kuzidisha kila namba iliyo mbele yake, ilhali kanuni ni sentensi inayosema kwamba kitu fulani ni sawa na kingine. Aandike kanuni kwa maneno, chini ya kila neno aweke namba aliyopewa, na asichopewa akiwekee herufi. Atapata 54 = ½ × 12 × k, yaani 54 = 6k, na hapo ataona mwenyewe kwamba kimo ni sentimita 9. Usimpe kanuni nyingine ya kutafutia kimo, kwa kuwa utamwongezea mzigo wa kukariri.

Baba Pacha:
Mimi wangu niliwapa maswali 20 kila jioni, wakazoea.

Seremala:
Kwa heshima, ndugu yangu, maswali 20 yenye kosa lilelile hulikomaza kosa. Dada, mchoree mraba wa sentimita 14 kila upande, na ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Mraba mzima una eneo la 196. Duara lililomo ndani litafikaje 616? Akishacheka, mwonyeshe kwamba kanuni inataka nusu kipenyo, yaani 7, naye atapata 154. Pia azungushe uzi kwenye mdomo wa sufuria, aunyooshe, kisha aupime kwa kipenyo cha sufuria hiyo. Kitaingia mara tatu na kipande kidogo kitabaki, na hapo ataelewa ile 22/7 inasimama badala ya nini. (Sisi mafundi tulijifunza hivyo, kwa kuharibu mbao za watu.)

Mama wa Darasa la Sita:
Nawashukuru sana. Uzi umezungushwa, na swali la pembetatu amelirudia bila machozi. Sasa ameniuliza kwa nini pembetatu ina nusu na mstatili hauna, nami nimebaki kimya.

Mwalimu Mstaafu:
Achore mstari kwenye karatasi ya mstatili kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, aikate kwa mkasi, kisha ageuze kipande kimoja na kukilaza juu ya kingine. Pembetatu zisizo na pembe mraba zisubiri kwanza hadi aizoee hiyo.