Naomba uanagenzi wa umeme wa magari, sina cheti cha ufundi. Kwenye barua niandike nini?

Binti wa Kihonda

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi.

Nina miaka 21, nipo Morogoro. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni four, tangu hapo sijapata kazi ya kueleweka. Asubuhi nauza chapati na mama, mchana nashinda gereji ya jirani yetu. Hanilipi mshahara, ila ananiachia nifungue stata (mota ya kuwashia injini) na altaneta (inayochaji betri), nisafishe kwa petroli, nibadilishe kaboni, vile vipande vya ndani vinavyolika, nifunge. Siku ikiwa nzuri ananipa ya kula.

Sasa ofisi ya kata wamebandika tangazo la mafunzo ya uanagenzi, miezi 6, ada inalipwa na serikali, na umeme wa magari upo. Wanataka barua ya maombi, barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA na nakala za vyeti. Barua ndiyo inanishinda. Nikifika pa kueleza uzoefu kalamu inasimama, maana gereji yenyewe haina hata kibao. Baba mdogo anasema niandike sina uzoefu, watanionea huruma. Mama yeye anataka nisubiri Januari niingie chuo cha ufundi cha VETA nikasome kozi ndefu nitoke na cheti kinachoeleweka. Nipo njia panda, naombeni ushauri.

Kijiweni

Majina ya hizo nafasi huwa yameshapangwa, dada. Mtaani kwetu tuliomba kundi zima, akapita mpwa wa mtu. Peleka ukitaka, ila chapati usiache.

Fundi Altaneta

Marahaba binti. Kijiweni anasema aliyoyaona, simpingi, lakini asiyepeleka barua hahitaji hata kuonewa, ameshajitoa mwenyewe.

Mimi nafanya umeme wa magari Dar, na vijana wa uanagenzi huletwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo, kwa hiyo barua zao nyingi nimezisoma. Zote zinafanana: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Ukizichanganya huwezi kujua ipi ya nani. Hapo ndipo wewe unawapita, kama utaandika ulichotuandikia sisi. Kufungua stata ni uzoefu. Gereji kukosa kibao si kosa lako, taja fundi wako kwa jina, taja mtaa, weka namba yake ya simu baada ya kumwomba ruhusa. Huyo ndiye mdhamini wa kazi yako. Huruma ya baba mdogo iache, wanaopeleka shida wako wengi na fungu ni moja.

Andika kazi kwa hatua. Gari limeletwa, ukiwasha linalia "tik" halizungushi. Ulifanya nini? Uliipimaje betri kabla ya kushusha stata? Kaboni ulizikuta zimebaki kiasi gani? Mistari mitatu ya namna hiyo inatosha, msomaji ambaye ni fundi atajua huyu mikono yake imeshachafuka.

Ukiitwa kwenye usaili jiandae na swali hilohilo, gari haliwaki, unaanzia wapi. Vijana wengi wanakimbilia kushusha stata. Anza na betri. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri usome kati ya 13.5 na 14.5 hivi, ujue altaneta inachaji. Kisha angalia vichwa vyenyewe kama vina unga mweupe, na waya wa ethi, ule wa hasi unaotoka kwenye betri, kama umekaza kwenye bodi. Gari ngapi zimeshushwa stata bure kwa ajili ya waya wa ethi!

Na jambo la kwenda kujifunza chuoni hasa ni hili: gereji zetu nyingi tunapima kwa taa, balbu na waya mbili. Kwenye gari la zamani haina neno. Kwenye haya ya kisasa yenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, balbu inavuta umeme mwingi kuliko laini ndogo za sensa zinavyostahimili, unaweza kuunguza boksi la watu. Nenda ukajifunze mita ya kupimia umeme vizuri.

Mama yako naye hajakosea. Miezi 6 si kozi ndefu, usiende ukidhani ukitoka umemaliza ufundi. Ila moja haizuii nyingine. Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na vyuo vya serikali ada yenyewe si ya kutisha, 60,000 kwa mwaka ukiwa wa kutwa na 120,000 bweni. Kinachouma ni michango, sare na vifaa. Omba uanagenzi sasa, tangazo la VETA likitoka omba tena.

Mwambie na huyo jirani yako kuwa VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi wa mtaani. Anapimwa kwa kazi anayoijua, akipungukiwa mahali anafundishwa hapo tu, anapewa cheti. Kazi ya miaka yote hiyo bila karatasi ni hasara.

Mama Nuru

Mwanangu, nimewahi kukaa masjala. Kabla ya barua, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four na NIDA, usome jina herufi kwa herufi. Cheti kimoja kikiwa na "Rehema", kingine "Rehama", faili linawekwa pembeni. Yakipishana nenda kwa wakili ukatengeneze hati ya kiapo mapema. Kitambulisho kama hakijatoka, namba inatosha. Barua ya mtaa anza kwa mjumbe wako, usiende moja kwa moja kwa mtendaji ukarudishwa. Na atakayekuomba hela ya "kupitisha jina" ni tapeli, usimpe hata mia.

Binti wa Kihonda

Asanteni sana. Jina limepishana kweli, cheti cha kuzaliwa kina herufi moja zaidi! Nimeandika hivi, naomba mnikosoe:

"Najifunza umeme wa magari kwa fundi aliyetajwa hapo chini. Nafungua na kufunga stata na altaneta, na kubadilisha kaboni. Gari lisipowaka napima betri na waya wa ethi kwanza. Sijawahi kutumia mashine ya kusoma hitilafu, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuomba nafasi hii."

Kijiweni

Hii ningeipitisha hata mimi. Ukipata rudi utuambie, nami nilete ya kwangu ya uchomeleaji.

Fundi Altaneta

Usiongeze kitu. Ila hapo juu kwenye YAH andika fani kamili, "Umeme wa Magari", usiandike "Ufundi" peke yake, watakutupa kwenye useremala. Na namba ya simu weka ya kwako inayopatikana muda wote, siyo ya kaka. Wakipiga ikawa haipatikani wanaenda jina linalofuata.

Kijiweni, hiyo ya uchomeleaji ilete leo, tangazo lina tarehe ya mwisho.