Kupakua wimbo bure: ni wizi au siyo?

Mleta mada:
Wakuu, kwa miaka mitano nilikuwa na kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye fleshi na memori kadi, karibu na stendi hapa Mwanza. Shilingi mia kwa wimbo. Pango nililipa, umeme nililipa, aliyeimba hakupata hata senti, na sikumbuki siku niliyomwaza. Kisha akaja mzee mmoja, mpiga gitaa wa bendi ya dansi, akaomba nimwekee nyimbo alizopiga yeye mwenyewe, maana hakuwa nazo. Zilikuwa tano. Akatoa mia tano, nikapokea. Hadi leo inaniuma.

Kwa mtu wa kibanda sheria haina utata: kuuza nakala bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na waimbaji na wapigaji nao wana haki zao. Lakini sheria hiyohiyo imeacha upenyo kwa anayenakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Sasa kijana anayepakua wimbo, akausikiliza peke yake kwenye daladala, naye ni mwizi? Naona mahakamani anaweza kupona. Ila kama aliyeuweka mtandaoni hakuwa na ruhusa, kijana huyo bado anadaiwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mwizi hapana. Ukiiba kuku, mwenyewe analala bila kuku. Nikipakua wimbo, msanii bado anao. Na bando nimenunua kwa hela yangu.

Mchangiaji wa pili:
Kaka, bando umewalipa watu wa simu, wimbo hujaulipia. Mdogo wangu anaimba taarabu. Mpiga kinanda alitaka chake kabla hajagusa kinanda, studio vilevile, na deni lile tulilipa kwa mchezo wa kina mama hapa mtaani. Wimbo ukatoka Ijumaa, Jumapili umezagaa kila simu. Kweli anao bado. Ataula?

Mchangiaji wa tatu:
Nawaelewa wote, lakini wasanii wengi wanasambaza nyimbo wenyewe, bure, ili majina yavume wapate shoo. Wakishagawa, nisipakue kwa nini?

Mleta mada:
Pakua, ndugu yangu. Aliyegawa kwa hiari yake amegawa. Hata Mdundo, huduma ya muziki mtandaoni iliyoanzia Kenya, inaruhusu kupakua bure na msanii anapata fungu kutokana na matangazo. Kwa hiyo mimi siulizi kama ni bure, nauliza nani aliruhusu. Mzee wa gitaa hakuulizwa na mtu. Na wewe wa kuku, hoja yako ina nguvu kwa yule ambaye asingenunua kamwe. Lakini wateja wangu walikuwa na hela, walizitoa kila siku, ila zilikuwa zinaingia mfukoni mwangu.

Yule mzee alifariki mwaka juzi. Kama kuna wimbo aliotunga mwenyewe, miaka 50 ndiyo kwanza inaanza kuhesabiwa, na haki ni ya wanawe. Binti yake anakaa Nyakato. Nataka kumpelekea chochote, na nyimbo zenyewe. Mliowahi kufuatilia mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi, kwa kazi za marehemu, mtoto anaanzia wapi iwapo baba hakuwahi kusajili wimbo hata mmoja COSOTA, ofisi ya hakimiliki?