Land Rover Series III inavuja oili: gasketi, sili au dawa ya chupa?

Mwenye109: Wadau, habari za kazi. Nina Series III ya petroli, injini ya lita 2.25 yenye beringi 3 za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Inadondosha oili injini inapokutana na giaboksi, kwenye kile kitundu cha chini ya kava la flaiwili (gurudumu zito nyuma ya kranki). Fundi mmoja anataka kushusha giaboksi abadilishe sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya kranki. Mwingine anasema nimimine dawa ya chupa ya kuzuia uvujaji. Nifuate lipi?

GerejiArusha: Mkuu, usishushe kitu bado. Tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) ikivuja kwa nyuma, oili huteremka ubavuni mwa injini hadi hapohapo, ukadhani ni sili. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio, washa dakika 15 kisha mulika tochi uone poda ilipolowa. Rangi ya kung'aa kwenye taa ya urujuanimno huonyesha hata uvujaji mdogo sana, ila kwa injini iliyo wazi namna hii poda inatosha.

BintiSpana: Nusa hilo tone pia. Oili ya gia, EP90, ina harufu kali ya kiberiti. Ukiipata, anayevuja ni giaboksi. Na tafadhali fungua brita (tundu la injini kupumulia) kabla hujanunua chochote! Ikiziba, presha ndani ya injini inasukuma oili nje hata kwenye sili mpya.

MzeeKoki: Tapeti kava iwekee gasketi ya koki (ile ya vizibo vya chupa, si ya bomba). Zile nati 3 za juu zikaze kwa kiasi, la sivyo koki inapasuka. Silikoni tupu siikubali: ikizidi, vipande vinakatika, vinaangukia sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili.

GerejiArusha: Kuhusu dawa: inalainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, basi. Sili iliyolika, au kranki iliyochimbika mfereji, haiponi kwa chupa. Lakini kubadilisha nako ni kazi nzito: sakafu na viti vitoke, giaboksi ipitie mlangoni, halafu flaiwili, sampo na kifuniko cha beringi ya nyuma. Ukifika huko weka na zile sili za umbo la T pembeni ya kifuniko, na klachi uikague.

BintiSpana: Umepata nini, Mwenye109?

Mwenye109: Tapeti kava imelowa nyuma, brita imejaa ukoko mweusi, tone halinuki kiberiti. Naosha brita leo, koki nimeagiza. Giaboksi itashuka tu ikiwa poda ya juu itabaki kavu na kitundu kiendelee kudondosha.